Betri Isife

Upepo ulikuwa umeiangusha paneli ya sola tena. Ghizlane aliiinua, akaipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, akaiegemeza ukutani ielekee jua. Nyaya zake mbili zilipita chini ya mlango wa banda hadi kwenye betri ya pikipiki ya mumewe, pikipiki iliyonunuliwa kwa bangili zake Ghizlane za arusi. Alichungulia ndani. Kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka. Akashusha pumzi.

Mgongo ulimuuma. Usiku kucha alikuwa akimgeuza mama mkwe wake, Bi Tuda, aliyepooza tangu mwaka ule mumewe Moha alipokwenda Hispania kuchuma nyanya.

"Leo tena na hilo sinia lako la jua?" Yamna, jirani, alimtania kutoka juu ya ukuta. "Ningekuwa mimi ningeshaiuza pikipiki, nikala nyama."

"Akija lazima iwake mara moja."

"Mke ni wewe! Lakini si nyinyi wanawake wa Marrakesh mnaoendesha pikipiki kama wanaume? Angalau basi uipande, ukanyooshe miguu sokoni."

"Na huyu nimwache na nani?" Ghizlane alielekeza kidevu kwenye dirisha la Bi Tuda, akaingia ndani.

Moha alipiga simu kwa nadra. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Betri haijafa?" La pili lilimhusu mama yake, na mara nyingine simu ilikatika kabla hajaliuliza. Atarudi lini? "Mwaka huu, inshallah." Kila mwaka ulikuwa mwaka huu.

"Moha akija utapumzika, binti yangu," Bi Tuda alisema jioni moja, ulimi mzito, akilishwa supu ya shayiri.

"Ndiyo, mama. Akija."

Bi Tuda alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaubusu mkono uliokuwa ukimlisha.

Moha alikuja siku ya Ijumaa, kwa teksi, amenenepa, ananukia manukato, mabegi yamefungwa juu ya paa. Vigelegele vikapigwa mtaa mzima. Kabla hata ya kumwamkia mama yake alikwenda bandani, akabonyeza kiwashio. Injini ikanguruma papo hapo.

"Mwanamke we!" Moha aliangua kicheko. "Kumbe umenitunzia hivi!"

Akaagiza petroli, tangi likajaa pomoni, apate kuwazungukia marafiki jioni.

Ghizlane alimpikia kuskusi. Walipokwisha kula, akamwonyesha dawa za mama yake na namna ya kumshika begani asiumie. Moha aliitikia kwa kichwa, macho kwenye simu.

Chai ilipomalizika, Ghizlane alimbusu Bi Tuda kwenye paji la uso, akatoka. Bandani alizichomoa zile nyaya mbili, akaukaza mtandio kichwani, akaitoa pikipiki hadi nje ya lango.

Moha alijitokeza mlangoni, glasi ya chai mkononi. "Unaipeleka wapi?"

"Kwetu," alisema, akaiwasha. "Mama ameshakula. Mgeuze kabla ya magharibi."