Vifua vya Ilagala

Asubuhi ya ukaguzi Bwana Japhet aliwatoa wafanyakazi wake wote kiwandani, akaingiza wavuvi kutoka Ilagala.

Miaka ile wakimbizi walikuwa bado wanavuka ziwa, na kiwanda chake cha Kasingirima kilitengeneza makasha ya kupelekea chanjo kambini zikiwa baridi. Kuta za makasha zilishindiliwa pamba ya kioo, ile ya njano. Wanawake walioishindilia walijikuna hadi damu na kukohoa hadi majirani wakalalamika. Honorata ndiye aliyezidiwa. Kifua chake kilipiga mluzi kila alipovuta pumzi. Alishaomba ruhusa ya kwenda hospitali mpaka akachoka. Alijibiwa kwamba akioga ziwani atapona.

Sasa daktari wa kukagua afya za wafanyakazi alikuwa anakuja mwenyewe, na Honorata alikabidhiwa mwiko, akaketishwa pamoja na wenzake jiko la nyuma. Akiulizwa, yeye mpishi. Aliushika ule mwiko huku machozi yakimlengalenga.

Daktari Evaline alikuwa binti mdogo tu, na Bwana Japhet alipomwona alipumua.

Wavuvi walipanga mstari. Daktari aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akawapima. Vifua vya watu wa kuvuta nyavu, vipana na safi. Wa mwisho, Mzee Thobias, alikuwa ameishusha kofia hadi puani. Huyo, daktari hakumwamkia kabisa. Kumbe usomi unaharibu watoto, aliwaza Bwana Japhet.

Kisha daktari akataka kuona wanavyofanya kazi. Mzee Thobias aliichukua pamba, akaikunja mikunjo mirefu juu ya mkono kama nyavu za dagaa, akailaza kashani taratibu. Daktari alimtazama kwa muda, akamsifu.

Jikoni mtu alikohoa. Daktari akaenda kuwapima wapishi pia, akakaa sana kwa Honorata. Aliporudi alimpima Bwana Japhet, ambaye sigara zilikuwa zimemharibu siku nyingi.

"Ajabu," alisema. "Wanaoishika pamba wazima, wasioigusa wagonjwa. Wapishi naondoka nao sasa hivi, watatibiwa. Na wewe, bosi, kuanzia leo shindilia pamba mwenyewe mpaka kifua kipone."

Bwana Japhet alifungua mdomo kukataa. Akakumbuka kwamba akikataa itabidi aeleze sababu, akaufunga. Honorata alikuwa keshapanda gari, analia na kucheka kwa pamoja, mwiko bado mkononi.

Binti mjinga, alijiliwaza Bwana Japhet akikunja mikono ya shati. Heri mjinga kuliko mwerevu. Akachota pamba, akaanza kujikuna.

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, akarudi hadi kwa mzee mwenye kofia, akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Panda gari twende, mama anakutafuta tangu alfajiri."