Kiti Kinachotaka Asante

Kiti cha Tunu kilikuwa hakisogei mpaka ashukuru. Ndivyo vilivyokuwa viti vyote ambavyo chuo kiliwapa wanafunzi wasiotembea: unasema asante, kiti kinapima kama imetoka moyoni, ndipo magurudumu yanazunguka.

Asubuhi ya mtihani alikishukuru pale sebuleni mpaka koo likamkauka. "Bado una kinyongo, dada," kiti kikamjibu kwa upole. Mtihani ukampita akiwa ameketi mbele ya mlango ulio wazi.

Akampigia simu mratibu wa huduma, Bwana Lyatuu, huku damu ikimchemka. "Kwani wenzangu wanazishukuru ngazi kabla ya kuzipanda?"

"Punguza jazba, binti yangu," Lyatuu akasema. "Wafadhili wanapenda watu wenye shukrani. Fanya mazoezi na watu wa nyumbani, utazoea."

Tunu alikata simu, akaitupa kwenye kochi. Lakini kesho kulikuwa na mtihani mwingine.

Jioni mama yake alipomwekea sahani ya wali na maharage, Tunu aliinua uso, akalegeza mashavu, akasema kwa sauti tamu, "Asante sana, mama. Mungu akubariki kwa ukarimu wako."

Mama akabaki na upawa mkononi. "Tunu, mimi ni mama yako. Hiyo sauti ya ombaomba umeitoa wapi?"

Kabla hajajibu, kiti kiliridhika. Kikamwondoa mezani taratibu, kikampeleka mlangoni, kumuwahisha kwenye mtihani uliokwisha tangu asubuhi.