Kigurudumu cha Teprekoda

Yudith aliibwaga teprekoda mezani kwa fundi, pale Mwanjelwa, mpaka skrubu zikaruka.

"Washa!"

Fundi akawasha. Sauti ya marehemu baba yake Yudith ikatoka mbiombio, nyembamba kama ya kifaranga, neno lisishikike. Jana, siku ya kuanua tanga, ukoo mzima ulikaa kuusikiliza wosia wake wa shamba la kahawa, ukaishia kuangua kicheko. Hapo kaka yake Yudith akasimama, akasema basi, mkubwa ndiye mrithi.

"Baba yangu si kichekesho! Umefunga nini humu?"

"Kigurudumu cha mashine ya aina nyingine, mama. Ni kikubwa kidogo, ndiyo maana mkanda unakimbia."

"Kwani chake kilivunjika?"

Fundi akachakura kopo lake, akatoa kigurudumu cha shaba kisicho na ufa wala mkwaruzo.

Yudith akakigeuzageuza kiganjani.

"Kizima hiki! Nani alikwambia ukitoe?"

"Aliyeileta," fundi akasema, macho chini. "Kaka yako."

Yudith akakibamiza kile kigurudumu mezani.

"Kirudishe. Halafu funga kibanda, twende nyumbani. Utaiwasha wewe mwenyewe, mbele yake."