Ndege wa Ukutani

Tangu masika yaishe na mlima kuvaa maua, Mkunde alikuwa akiupanda kila alfajiri na kamera yake ya mtumba, akilala kifudifudi kwenye umande hadi gauni likamganda mwilini. Leo alisafisha picha moja, akaitia fremu, akampelekea mama mkwe wake, Bi Nakijwa. Ilikuwa ya ndege chozi, anametameta kama shanga za kijani, amezamisha mdomo ndani ya ua.

Bi Nakijwa aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Ukuta wa sebule yake ulikuwa wa watu wa ukoo tu.

"Mwanangu, na wewe uko wapi humu?"

"Mimi simo, mama. Mimi ndiye niliyemsubiri mpaka akanizoea."

Mara jirani akapiga hodi, na kama ilivyo ada, akaonyeshwa waliomo ukutani: marehemu mzee, kisha mwana siku ya harusi yake. Hapo Bi Nakijwa akapanda kigoda, akamtundika ndege katikati yao.

"Na huyu?" jirani aliuliza.

"Huyu kaletwa na mkwe wangu. Msogelee, umwone. Ila polepole, asije akaruka."