Salamu kwa Kuku

Tangu kula nyama kukomeshwe, kuku hawapatikani ila kwenye bustani ya wanyama, na huko hawashikwi. Mgeni huchuchumaa, humwamkia kuku, kisha humngoja aje mwenyewe.

Bi Mwanahawa alimpeleka mjukuu wake Zuhena akawaone. Tetea mwekundu akapita karibu. Kabla hajafikiri, bibi alikwisha kumkamata miguu, akamning'iniza kichwa chini na kumpapasa kifua, kama alivyozoea sokoni enzi zake.

"Bibi, unamwamkia?" Zuhena akauliza.

"Ndiyo, mjukuu wangu."

Mhudumu akaja mbio, akampokonya kuku. Akatazama huku na huku, kisha akamwinamia bibi sikioni.

"Shikamoo, bibi. Hivi… walikuwa watamu?"

"Nimeshasahau," bibi akajibu, akameza mate.

Kando yake, Zuhena alikuwa akimpapasa sungura kifua.