Mkomamanga wa Mama Sekela

Asubuhi hiyo ya ukungu, Mama Sekela alimtoa mumewe jikoni penye moto, akamsimamisha mbele ya mkomamanga aliouleta kutoka kwao pwani. Mti ulimfika kiunoni tu, majani yamejikunja kwa baridi. Miaka sita, jamani, na hakuna hata tunda moja la kuonja.

"Kwetu mti usiozaa hutishwa," alisema, panga mkononi. "Mimi nasema naukata, wewe unaniomba nisiukate. Ukisikia hivyo, unazaa."

"Kitendawili," alisema Baba Sekela.

"Tega, lakini upesi."

"Nina mgeni. Namfunika blanketi langu, namwogesha maji ya uvuguvugu, na hajanipa hata asante."

"Usiusimange mti, unasikia."

Aliinua panga, akapaza sauti hadi jirani akachungulia wigoni. "Wewe mti, leo nakukata. Nimekuvumilia vya kutosha."

Akamgusa mumewe kwa kiwiko. "Sema basi."

"Kata," alisema Baba Sekela.

"Sivyo, mume wangu. Nikishatamka, na asitokee wa kuutetea, lazima nikate kweli. Ndiyo desturi."

"Basi kata. Tupande viazi."

Jirani alifungua mdomo. Mama Sekela akamwahi: "Wewe nyamaza. Lazima awe wa nyumba hii."

Akashusha panga hadi shinani, akangoja. Baba Sekela aliutazama mti, akamtazama mkewe, akashusha pumzi ndefu, na mvuke ukamtoka mdomoni kabla ya neno: "Usiukate."