Baridi ya Mama Chande

Fundi Zamoyoni alipima gesi, akakuta imejaa. Kompresa ilizunguka, feni ilivuma, lakini kiyoyozi cha gari la Chande kilipuliza hewa ya moto tu.

"Asubuhi kilikuwa barafu," Chande alilalamika.

Zamoyoni aliweka spana chini. Kisheria, kila gari lilipewa baridi kwa jina la mzee mmoja wa nyumbani, na bangili yake isiyovuliwa ndiyo iliyoifungulia, popote alipo, maadamu moyo wake unapiga.

"Umeandikisha jina la nani?"

"La mama. Nimemwacha anachambua mchele. Fanya haraka, fundi, jioni nampeleka kliniki, na joto hili haliwezi."

Zamoyoni alifuta mikono polepole, akamsogezea kigoda.

"Kaa kwanza, kaka yangu."